Sura ya Jemadari

Farasi wa upande wa pili alikuwa amesogea. Si sana, upana wa vidole viwili hivi, lakini Fundi Meno alikuwa mtu wa kupima unene wa jino kwa jicho, na macho yake hayakuwa na desturi ya kumdanganya. Aliinama juu ya meza, akamtazama yule farasi wa ukubwa wa kidole gumba, kisha akatazama vumbi la plasta lililotanda. Nyuma ya kwato palikuwa na mchirizi mwembamba, kana kwamba mtu alimsukuma kwa ukucha.

"Dada," aliita, "nani kagusa meza yangu?"

"Niguse wanasesere wako, nina wazimu?" dada yake alijibu kutoka uani alikokuwa akianika mashuka. "Njoo unishikie beseni."

Dada huyo ndiye aliyemlea. Wazazi wao walipofariki alikuwa msichana wa kuposwa. Akawarudisha waposaji mlangoni mmoja mmoja mpaka wakakoma kuja. Mdogo wake akakua, akajifunza kutengeneza meno ya bandia, akafungua karakana katika chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo. Hakuwa na mwingine duniani. Ndevu zilishaanza kuota mvi na bado aliulizwa alikuwa wapi na kwa nini amechelewa, naye alijibu kwa adabu zote.

Uraibu wake ulikuwa mmoja tu, Uwanja. Ndivyo walivyouita mchezo wao, yeye na wenzake wachache waliokutana kila Jumamosi katika chumba kilicho juu ya duka la fotokopi. Ni majeshi ya visanamu juu ya meza yenye vilima vya plasta, dadu za kuamua nani kaishi na nani kafa, na futi ya kupimia hatua. Ukimpoteza jemadari wako, vita vimekwisha. Walikuwa na desturi mbili walizozishika kama dini. Kwanza, kila kisanamu kipakwe rangi na kipewe sura ya mtu unayemjua, maana mtu hamtupi ovyo mtu anayemfahamu. Kisichopakwa hakikanyagi meza. Pili, ukimaliza kucheza unamwambia mwenzako "zamu yako", na usipotamka, yeye hana ruhusa ya kugusa hata futi.

Katika jeshi la Fundi, kinyozi wa mtaani alikuwa mkuki wa mbele na mshona viatu alikuwa mpiga mishale. Jemadari alikuwa dada yake, kitambaa kichwani, mkono kiunoni, kidole kikionya. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Nyusi zake alizichora kwa unywele mmoja wa brashi, na hakuna kazi aliyowahi kuifanya kwa mapenzi zaidi.

Kucheza, hata hivyo, hakujua. Klabuni aliitwa Mapema, kwa kuwa katika shindano la kila mwaka ndiye aliyewahi kurudi nyumbani kuliko wote. Mwaka huu aliapa kwamba jina hilo litakufa. Kila mchana, wateja walipopungua, alipanga majeshi yote mawili na kujifunza peke yake. Alicheza upande wake, akakiambia kiti kitupu cha wateja "zamu yako", kisha akazunguka meza na kumchezea adui. Ulimi ulishazoea, nayo mazoea yana taabu.

Alipaswa kuacha siku ya yule farasi. Lakini hatua ile ilikuwa nzuri, na hapo ndipo msiba ulipoanzia, kwa sababu alikuwa hajawahi kuona hatua nzuri kama ile. Akaijibu kadiri alivyoweza, akasema tena, kwa sauti ya chini kidogo, "Zamu yako," kisha akageuka kukoroga plasta kwenye bakuli la mpira. Nyuma yake dadu zikabiringika. Hakugeuka. Chumba kilijaa harufu aliyoijua vizuri kwa kazi yake, harufu ya kinywa kilichofumbwa muda mrefu sana, na plasta ikamgandia bakulini akiwa bado ameshika mwiko.

Siku zilizofuata aliogopa, lakini alicheza. Tusimsingizie ujinga, alikuwa na njaa ya kushinda, na mwenye njaa haulizi mpishi ni nani. Alijifunza kujificha nyuma ya vilima, kumvuta adui, kusubiri. Siku moja akamkuta mkuki wa mbele amelazwa ubavu nje ya uwanja. Jioni yake alikwenda kunyolewa. Kinyozi alikuwa amesimama katikati ya duka, wembe mkononi, akiugeuza huku na huku.

"Samahani bwana," kinyozi alimwambia kwa upole. "Hiki ni cha nini?"

Mkewe alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, analia kimyakimya. "Hata mimi hanijui," alisema. "Tangu mchana. Ananiita mama mgeni."

Fundi alijipa moyo kwamba ni maradhi ya kichwa. Baadaye alilazwa mpiga mishale, na mshona viatu akaokotwa kituo cha basi akiuliza watu wapita njia kama kuna anayemfahamu. Hapo moyo ukaacha kujidanganya, maana mbele ya farasi wale wa upande wa pili, na hakuna wa kuwazuia, alibaki amesimama mwanamke mdogo mwenye kidole kinachoonya.

Mganga ambaye Fundi alimleta nyumbani alikuwa bibi mmoja mnene, mchangamfu, aliyepanda ngazi za mlango akilalamikia magoti. Alipofika kizingitini akasimama. Akanusa.

"Ulimwita?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Sikumwita, bibi."

"Kiti ulimpa?"

"Kiti kilikuwepo tu."

"Na ulimwambia nini?"

Fundi aliona aibu. "Nilisema, zamu yako."

Bibi akafunga mkoba wake bila kuutia mkono. "Mwanangu, mimi nafukuza wanaojileta. Huyu amekaribishwa, tena kwa heshima. Atacheza mpaka mwisho. Ukiikimbia meza, atakuchezea na zamu zako."

"Anashindika?"

"Mchezo wenu siujui. Najua kitu kimoja tu, kwamba hawa humshika mtu kwa sura yake." Akarudi kinyumenyume mpaka barabarani, na pesa hakutaka hata kuziona.

Ikabaki Jumamosi ya shindano. Fundi aliwaza kwamba akishinda mbele ya mwamuzi, mchana kweupe, katikati ya watu wanaocheka, mchezo utakuwa umekwisha kihalali na mgeni hatakuwa na dai. Asubuhi alimfunga jemadari kwa pamba, akamtia mfuko wa shati.

"Leo usirudi mapema," dada yake alimtania mlangoni.

Alitaka kumwambia kila kitu. Akasema, "Sawa, dada," akaenda.

Alishinda mchezo wa kwanza, akashinda na wa pili, na chumba kizima kikasimama kumpigia makofi, kwa sababu watu wanapenda kumwona mnyonge akiinuka. Fainali ilikuwa dhidi ya mwalimu wa hisabati, bingwa wa miaka yote, mtu wa maneno mengi na mizaha. Mwalimu alivuta kiti, akakaa, akashtuka kidogo kama aliyekalia mtu, kisha uso ukamlegea na maneno yakamwisha. Alianza kucheza. Hakuwashika farasi kwa vidole kama siku zote. Aliwasukuma kwa ukucha.

Fundi aliisikia harufu kabla hajakubali kwamba anaisikia, ikitoka kwenye mdomo uliofumbwa wa mwalimu, ikapita juu ya vilima vya plasta walivyovifinyanga wenyewe kwa vicheko, na kila alipojificha farasi walikuwa wameshafika, na kila alipovuta hawakuvutika, kwani mbinu zote alizokuwa nazo alifundishwa na huyohuyo aliyekaa mbele yake, na mwalimu hamfundishi mwanafunzi kila kitu, mpaka askari wake wote wakawa wamelala nje ya uwanja, na kati ya ukucha ule na dada yake hapakubaki hata kilima kimoja.

"Mapema, cheza," mwamuzi alisema. "Muda unakwenda."

Anamshika mtu kwa sura yake. Maneno ya bibi yalimrudia, na fundi akayasikia kama fundi. Kama sura ndiyo mpini, basi jembe lisilo na mpini halishikiki. Katika sanduku lake la brashi kulikuwa na kichupa cha spiriti ya kuondolea rangi. Akalowanisha pamba, akamwinua jemadari, akamsugua. Nyusi zikaenda, macho yakaenda, mdomo ukaenda, ikabaki plastiki tupu ya kijivu.

Watu wakaguna. Mwamuzi akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Kisichopakwa hakikanyagi meza. Unaijua sheria, ndugu yangu. Umejitoa."

"Nimejitoa," Fundi alisema, na machozi ya furaha yakamtoka hadharani, kwa sababu jemadari hakuuawa na mtu. Mwalimu wa hisabati akapepesa macho, akauliza kama fainali imeshaanza. Fundi hakungoja kikombe kitolewe. Alishuka ngazi akikimbia, akapita duka la kinyozi lililofungwa, akakata kona ya mtaa wao huku jua bado linawaka, akicheka peke yake.

Nje ya mlango wa nyumba yao alikaa mwanamke. Gauni lilikuwa la dada yake na kitambaa cha kichwani kilikuwa cha dada yake. Uso ulikuwa na macho, pua na mdomo, vyote mahali pake, lakini kila Fundi alipohamisha jicho alishindwa kukumbuka alichokiona, akalazimika kutazama upya.

"Karibu, kaka," mwanamke alisema, kama mtu asiyetaka kusumbua. "Wewe pia unangoja?"

"Dada, ni mimi."

"Samahani, sikufahamu." Akajisogeza kumpa nafasi. "Hata mimi sielewi nimefikaje hapa. Mwenye nyumba amenikuta ndani, akaniambia nitoke nikae nje. Hakunigombeza."

"Mwenye nyumba gani?"

"Yule mama. Ana uso mzuri."

Fundi alishika pamba aliyomsugulia jemadari, iliyokuwa bado mfukoni, ikamchafua vidole kwa rangi ya ngozi. Alielewa. Sura haikuwa imefichwa, ilikuwa imeachwa bila mwenyewe, na aliyeiacha wazi ni yeye, kwa mikono yake, mbele ya mashahidi. Alimtazama mwanamke aliyemlea, akajaribu kumkumbuka alivyokuwa asubuhi, apate angalau nyusi za kuzichora tena, asipate kitu.

Ndani ya nyumba viatu vya kuburuza vilitoka jikoni, vikapita karakana, vikasimama nyuma ya mlango. Kisha ikaja sauti aliyoijua tangu utotoni, ileile, yenye ukali wake na huruma yake.

"Mdogo wangu, utakaa nje mpaka lini? Ingia, chakula kinapoa."

Maisha yake yote hakuwahi kuitwa na sauti ile akanyamaza.

"Naam, dada," alisema.

Mlango ukafunguliwa. Mwanamke aliyekaa pale nje akakunja miguu ili ampishe.