Maji ya Kutuliza Vumbi

"Wewe, shuka."

Dereva wa boza la maji alichungulia dirishani. Katikati ya barabara, huku magari yakipiga honi mbele na nyuma, alisimama fundi cherehani: gauni la bluu, futi ya kupimia shingoni, mkononi shela la bibi harusi lililogeuka rangi ya udongo.

"Tangu mwanze kuchimba hiyo gesi, malori yanapita mlangoni kwangu kutwa. Bibi harusi atavaa tope?"

"Dada, mimi naendesha tu."

"Basi endesha polepole."

Akaendesha polepole. Siku ya tatu akasimama kabisa, ashonewe kifungo ambacho, ukikitazama vizuri, alikikata mwenyewe. Wanaume hawa, jamani. Mwezi haukuisha, simu zikawa hazikatiki.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula vumbi."

"Niachie mimi."

Akaachiwa. Kesho yake fundi alikuta barabara imelowa, vumbi limetulia, mashela meupe. Hakuuliza maji yametoka wapi. Penzi likinoga nani anauliza? Wiki sita dereva alimwaga kila asubuhi.

Kisha chai ya mama yake fundi ikawa na chumvi. Mama akamlaumu fundi, fundi akalaumu sukari, mpaka walipoonja maji ya kisima chao cha uani. Wakazi wakalalamika, kampuni ya gesi ikamtuma afisa wa suti: visima vya gesi viko mbali, leteni ushahidi.

Fundi akapiga simu.

"Boza lako linabeba maji gani?"

"Maji? Maji tu."

"Nimekuuliza."

"Yanayopanda na gesi kutoka ardhini. Yana chumvi na dawa. Msimamizi aliniruhusu, akasema yanashika vumbi vizuri."

"Ukamwaga mlangoni kwetu, yakazama hadi kisimani."

"Nilitaka ufurahi."

"Mama yangu hana maji ya kunywa kwa sababu ulitaka nifurahi. Hicho kichwa ni cha kuvalia kofia tu?"

Akakata. Alikuwa na hasira, na bado alimpenda, na hilo la pili ndilo lililomkera zaidi.

Kwenye kikao cha wakazi, yule wa suti alirudia wimbo wake: ushahidi uko wapi? Dereva akainuka nyuma, kavaa shati lenye kile kifungo.

"Ushahidi ni mimi. Nilimwaga kwa mkono wangu. Daftari la safari hili hapa, na sahihi ya msimamizi."

Kampuni ikakubali kuwavutia wakazi bomba la maji safi. Dereva ikamfukuza siku hiyo hiyo.

Asubuhi yake alifika dukani kwa fundi kwa miguu, viatu vimejaa vumbi.

"Sina kazi, sina gari, na kisima chenu nimekiharibu. Utakubali nikuoe hivyo hivyo?"

Fundi hakuinua macho kwenye cherehani. "Ndoo hizo hapo. Maji yako mtaa wa tatu. Jaza pipa kwanza."

Safari ya nne alimkuta mama uani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama akamgeukia bintiye. "Huyu ndiye aliyetutia chumvi?"

"Ndiye."

"Na unamtaka?"

"Namtaka, mama. Inaniudhi, lakini namtaka."

Mama akamtazama dereva kuanzia viatu hadi kifungo.

"Basi mpe ndoo kubwa."