Majani ya Mita Sita

Kabati la maabara lilikutwa wazi, kufuli halina hata mkwaruzo. Karatasi arobaini zilizobandikwa majani makavu ya ziwani zilikuwa zimetoweka.

"Mwizi gani huyu wa magugu?" Inspekta aliuliza.

"Si magugu, Afande," alijibu mtafiti, binti aliyevimba macho kwa kulia. "Mimea ya chini ya maji ndiyo inayotueleza hali ya ziwa. Inayopenda maji maangavu ikitoweka, ikabaki ile inayostahimili uchafu, ujue ziwa linaumwa. Kesho nilikuwa nizipeleke karatasi hizo kwenye kikao cha bodi ya maji."

"Zilionyesha nini?"

"Mita sita chini ni tope tupu. Na mji mzima unakunywa humo."

"Mwaka jana?"

"Majani ya maji maangavu yalijaa tele. Mzee ndiye aliyepima."

Mzee alikuwa bosi wake, tena ndiye aliyemfundisha kupiga mbizi.

Inspekta alikuwa amemshuku mwenye kiwanda cha ngozi, ng'ambo ya ziwa. Lakini yule hakuwa na ufunguo.

"Mimea hiyo hufa kwa mwaka mmoja?"

Binti alisita. "La. Huchukua miaka."

"Basi kuna aliyeandika asichokiona."

Walimkuta Mzee kwake, sebuleni. Inspekta alimwamkia mara mbili ndipo akageuza sikio la kulia na kuitikia.

"Ufunguo wa kabati mnao wangapi?"

"Wawili. Mimi na huyu binti."

"Na ngoma ya hilo sikio la kushoto, Mzee, ilipasuka lini?"

Mzee akaligusa sikio hilo.

"Miaka mitano sasa. Daktari alinikataza kuzama. Nikawa nanakili vipimo vya zamani, najidanganya kwamba ziwa halibadiliki. Karatasi zake zingeniumbua."

Aliinua godoro chumbani. Zilikuwepo zote arobaini, hazina hata kunyanzi.

"Niliwasha kiberiti mara tatu," alisema. "Nikashindwa. Ni kazi safi mno."

Binti alizipokea kwa mikono miwili. "Kwa nini hukuniambia, baba? Si ningezama mimi?"

"Ndicho nilichokiogopa, mwanangu. Uzame wewe, mimi nibaki ufukoni na taulo."

Inspekta hakumfunga pingu. Alimshika mkono, wakashuka ngazi polepole, naye Mzee akawa anamweleza binti, kwa sauti ya juu ya mtu asiyesikia vizuri, ni karatasi zipi aanze nazo kikaoni.