Uso Ndani ya Kinyago cha Kunguru

Enyi mliokusanyika, wenye mvi na wenye ujana, mlio karibu na taa na mlioketi gizani, nawaomba masikio kabla sijawaomba imani. Sikuja na habari za shujaa. Nimekuja na hadithi ya neno moja lililotamkwa pasipostahili, na ya kilichokuja kulidai.

Jua lilikuwa limezama nyuma ya mikalitusi, nje ya mji wa Ballarat, kusini mwa Australia, Odette Farrugia alipochukua birika kwenda kuteka maji ya chai. Maonyesho ya mambo ya kale yalikuwa yamefika jioni yake ya mwisho. Lango limefungwa. Wapiganaji wa panga butu wanavua deraya, mavazi yao ya chuma, wakitetemeka kwa baridi. Matope yamewafika watu vifundoni.

"We Odette!" akaita Gethin Rudd, mhunzi wa kibanda cha jirani, huku akizima tanuri lake. "Leo ndo leo. Usije ukazimia mbele za watu. Mi sikubebi, mgongo wenyewe ndo huu."

"Nani kakuomba unibebe, mzee wa kutu?"

"Kutu angalau nimeitengeneza mwenyewe," Gethin akacheka.

Odette hakucheka. Maneno yale yalimchoma, ingawa aliyeyasema hakujua kama yana ncha.

Kwa maana mafundi wa maonyesho yale walikuwa na desturi isiyokiukwa. Jioni ya mwisho huzunguka moto, na fundi wanayetaka kumpokea huvaa kazi yake iliyo bora. Wote humwuliza kwa sauti moja: "Mkono wa nani?" Akijibu "Wangu", amekuwa mwenzao hadi kaburini. Jioni ile ilikuwa zamu ya Odette. Na kazi aliyokusudia kuivaa haikuwa yake.

Miaka mingi alishona vifuko vya ngozi ambavyo watu walivishika, wakavirudisha mezani. Rafiki yake, Leith Quennell, ndiye aliyekuwa fundi wa vinyago: mbweha, bundi, kulungu, vyote vya ngozi, vyote kana kwamba vinapumua. Leith alifariki kabla ya baridi kuanza. Siku za mwisho alimshika Odette mkono akamwambia, "Viuze vilivyobaki. Ila vikiulizwa, sema ni vyangu. Na pale motoni nitajie jina, nami niwe nimekuwepo." Odette akaapa.

Kisha mteja wa kwanza akainua bundi, macho yakimng'aa, akauliza, "Umetengeneza wewe?"

"Ndiyo," alisema Odette.

Neno lenyewe lilitoka kama kikohozi. Usiku ule ule alichukua msasa, akafuta muhuri wa Leith, nondo mdogo, kipepeo wa usiku, aliyegongwa ndani ya paji la kila kinyago, akagonga wa kwake. Tangu hapo hakuweza kujitazama kiooni bila kuinamisha macho.

Aliporudi na birika lililojaa, turubai ya kibanda chake aliyoifunga ilikuwa imefunguliwa.

Mtu alisimama mbele ya meza.

Joho refu la sufu. Kofia ya joho imeufunika uso. Hilo halikuwa ajabu. Nusu ya watu pale walivaa hivyo.

"Tumefunga, dada," Odette akasema, akaweka birika chini. "Njoo mwakani."

Mgeni hakugeuka. Harufu ikamjia Odette puani... siki... siki na chuma kilicholiwa na kutu... Ilikuwa harufu ya ile rangi nyeusi ambayo Leith pekee aliichemsha, na sufuria yake ilikuwa imekauka tangu afariki.

Juu ya meza kilibaki kinyago kimoja, cha kunguru, kirefu cha mdomo, cheusi kama kisima. Ndicho Odette alichokiweka akivae pale motoni. Mgeni akakiinua. Akakivaa.

Hakukisogeza.

Hapo ndipo Odette alipoushika ukingo wa meza. Kila aliyewahi kuvaa kinyago cha Leith alikisogeza kidogo kulia. Kwa maana Leith aliifinyanga ngozi ikiwa imelowa juu ya sanamu ya plasta ya uso wake mwenyewe, na pua yake ilipinda kushoto tangu farasi alipomwangusha utotoni. Msasa ulifuta muhuri. Uso ulibaki. Na uso ule, wa huyu aliyesimama, uliingia ndani yake kama mguu katika kiatu cha zamani.

"Mkono wa nani?" mgeni akanong'ona.

Odette alijua jibu. Alijua pia kwamba wenzake wameanza kukaa motoni, na kwamba nafasi ile hataipata tena.

"Wangu."

Tone la maji likaanguka chini ya mdomo wa kunguru.

Tone jingine.

"Wangu," akarudia, bila kuulizwa.

Alipopata ujasiri wa kuinua macho, joho halikuwepo. Kinyago kilikuwa mezani, kimelowa chepechepe. Na birika alilolijaza... lilikuwa tupu.

Labda mwenyewe aliyamwaga maji bila kujua. Labda.

"Odette! Tunakungoja wewe, moto unakula kuni bure!" Gethin aliita.

Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua kwamba ngozi iliyolowa haipelekwi motoni, kwani hujikunja na kukaza. Odette alilijua hilo. Lakini angewaambia nini? Hakuwa na kazi nyingine ya kustahili kuvaliwa. Akakivaa. Kilikuwa baridi kama shavu la maiti.

Wakamzunguka. Moto ukampiga usoni.

"Mkono wa nani?"

"Wangu," akasema. Ngozi ikakaza.

Akahisi vidole viwili, si ngozi tena, vidole, vikimshika pua taratibu kama fundi anavyonyoosha kazi iliyokosewa. Akajaribu kukivua. Kamba ilikuwa imesinyaa. Siki ikamjaa kooni.

"Wa Leith," akasema ndani ya ngozi. "Wa Leith Quennell."

Kitu kikalia... kak.

Kinyago kikalegea. Na mafundi wote, ambao ngozi nene ya mdomo wa kunguru iliwanyima maneno yale, walikuwa wanapiga makofi.

Gethin peke yake, aliyesimama begani kwake, hakupiga. Akamvua kinyago. Damu ilimtiririka Odette kutoka puani hadi kidevuni. Gethin akageuza kinyago kwenye mwanga: ndani ya paji, juu ya muhuri wa Odette, nondo mdogo alikuwa ameinuka.

"Alama ya zamani ikilowa huinuka," Gethin akasema polepole. "Ngozi ndo ilivyo."

"Umenisikia?" Odette akanong'ona.

"Nimekusikia."

"Waambie basi."

"Mdomo ni wako, dada. Sasa hauna kitu mbele yake."

Mtu akaja na beji ya shaba, akambandika kifuani, akambusu paji la uso. Odette akafungua mdomo.

"Ahsanteni," akasema.

Pua ilipona, imepinda kushoto. Majira ya maua yalipofika alitaka kujisafisha kimyakimya: atengeneze vinyago vyake, juu ya uso wake. Akalala chali, akajifunika uso kwa bendeji zilizoloweshwa plasta, akapumua kwa mirija, midomo ameibana. Kalibu hiyo ilipokauka akamimina plasta ndani yake, akangoja, akaipasua.

Mashavu yalikuwa membamba kuliko yake. Hilo lingesemwa ni la plasta. Pua, hiyo inaeleweka. Lakini mdomo ule wa plasta ulikuwa wazi, kama wa mtu anayengoja jina lake litajwe aitikie.

Aliufunga uso ule kwa kitambaa, akampelekea mhunzi auvunje kwa nyundo. Mhunzi alikataa. Uso ule umekaa kwenye rafu ya karakana yake hadi leo. Na kila jioni ya mwisho ya maonyesho mhunzi hukuta kitambaa kimelowa, na karakana inanuka siki. Odette angali anakuja, beji kifuani. Wenzake wakiuliza fundi mpya "Mkono wa nani?", yeye huuliza pamoja nao, macho ameyainamisha.

Nami sikuwepo. Aliyenisimulia ni yeye aliyesikia jina likitajwa ndani ya ngozi: Gethin Rudd.