Udongo wa Mama Ukutani

Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, saa kumi na mbili na robo jioni, ndipo mambo yalipogeuka.

Clotilde alikuwa amefika mtaa wa Ruashi kumrudishia mdogo wake Abigaël sufuria kubwa ya matanga. Mama yao alikuwa na miezi mitatu tu kaburini.

Nyumba ya Abigaël ilisifiwa na parokia nzima. Alikuwa na kipaji cha kuweka vitu mahali pasipo pake: bati la paa alilipigilia ukutani likang'aa kama maji, vigae vya sakafuni akavipandisha darini. Huko kwake, mtaa wa Kamalondo, Clotilde alikuwa na makochi ya kutoka ng'ambo, na hakuna aliyewahi kuomba kuyapiga picha. Hata Mama, alipougua, alichagua kufia kwa Abigaël.

Jioni ile sebuleni palikuwa na ukuta mpya. Mwekundu, laini kama ngozi. Ulinukia mvua... na sabuni ya Mama.

— Hapa ulipakala nini?

— Yaya, dada yangu, usiambie batu. Ni udongo ya ku kaburi ya Mama. Nilichanganya na chokaa. Magaribi, Mama anaongeaka.

— Anaongea na nani?

Abigaël akacheka.

— Na miye. Na nani tena?

Neno hilo lilimchoma. Abigaël alipokwenda uani kuwasha makaa, Clotilde akashika kijiko, akakwangua ukuta ule nyuma ya kochi. Kiganja kimoja. Alijiambia ni fungu lake. Yeye ndiye kifungua mimba.

Usiku uleule aliuloweka udongo, akaupaka kwa mkono kando ya kitanda chake. Kesho yake, jua lilipozama, akapiga magoti mbele ya ukuta na rozari.

Kwanza ilikuja harufu ya sabuni.

Kisha kitu kikakwaruza ndani ya ukuta... polepole... kama kucha.

— Abigaël...

Sauti ya Mama.

— Abigaël, mutoto yangu...

Hata humu! Hata chumbani mwake!

Kwao kila mtu anajua: ukiitwa na usiyemwona, giza likiingia, huitiki. Unanyamaza, unafanya ishara ya msalaba. Lakini wivu ulikuwa umemjaa Clotilde hadi kooni.

— Ndiyo, Mama, akanong'ona. Ni miye Abigaël.

Kitu kikakwaruza tena.

— Basi kuya kwangu. Huku kuko baridi.

— Minakuya, Mama.

Harufu ya sabuni ikatoweka.

Simu ikalia. Alikuwa Osée, mume wa Abigaël.

— Yaya... Abigaël ameanguka. Alikuwa anapepeta mchele, akainua kichwa, akasema, «Minakuya, Mama.» Ni hivyo tu... Hapumui, Yaya.

Daktari alisema ni moyo. Abigaël alikuwa na miaka thelathini na moja, na moyo wake haukuwahi kumsumbua.

Clotilde hakumweleza Osée alichofanya. Alikwangua ukuta wake hadi kwenye matofali, akamwaga udongo mtoni. Lakini kila magharibi bado anasikia ndani ya ukuta ule wanawake wawili wakizungumza kwa sauti ya chini, wakichekeana.

Akikaribia, wananyamaza.

Hapo hupiga magoti katikati ya chumba, mbali na kuta zote:

Bwana, mpokee mdogo wangu, aliyekuja kwako kabla ya siku yake. Mpe mwanga usiozimika, na Mama umfute machozi. Jina nililolichukua, mrudishie mwenyewe. Uwapumzishe wote wawili, ee Bwana, wapumzike kabisa. Amina.