Sifuri Iliyoota Mkia

Kila Jumapili baada ya misa, Raïssa alikuwa na kazi tatu: kupanga viti vya kukunja, kujaza chupa ya chai, na kufungua ukurasa mpya wa daftari la marefa.

Chumba cha mikutano cha wapangaji kilikuwa chini ya jengo lao huko Husby, Sweden, ubavuni mwa chumba cha kufulia nguo. Hapo walikutana majirani wanaozungumza Kiswahili, Warundi na Wakenya, kutazama ligi kuu ya nchi hiyo kwenye televisheni. Raïssa alikuwa na miaka kumi na miwili. Alipewa daftari kwa sababu mwandiko wake ulisomeka, tofauti na wa baba yake, Jean-Bosco, ambaye hata barua zake mwenyewe alizisoma kwa kubahatisha.

Walikuwa na desturi yao. Kipenga cha mwisho kikilia, kila mtu mzima alimpa refa alama, kuanzia sifuri hadi kumi. Hakuna aliyeruhusiwa kubishia alama ya mwenzake. Raïssa aliandika, kisha ukurasa ule ukachukuliwa na Ochola, fundi wa kompyuta aliyetunza ufunguo wa chumba. Ochola alizituma alama, pamoja na majina ya waliozitoa, kwenye tovuti ya mashabiki, akachapisha orodha na kuibandika ukutani Jumapili iliyofuata.

Mwanzoni Raïssa aliipenda sana kazi hiyo. Sasa ilikuwa imemchosha. Timu ya baba yake ikishinda, refa alipata nane. Ikifungwa, refa yuleyule alipata moja.

"Basi wangeniambia niandike matokeo tu," alimnong'oneza Daisy, binti ya Ochola, ambaye walisoma darasa moja. "Ningepumzisha mkono."

"Watu wazima hao," Daisy alijibu, akitikisa kichwa kama bibi wa miaka sabini.

Jumapili moja ya Oktoba, mwaka 2008, timu ya jezi nyeusi, ambayo Baba Raïssa aliipenda kupita kiasi, ilicheza na wageni kutoka Gothenburg. Hadi dakika ya sabini na nane hakukuwa na bao. Hapo simu ya Baba Raïssa ikalia. Ndugu yake alikuwa anapiga kutoka Bujumbura, naye akatoka kwenda kuongea koridoni.

Mlango ulikuwa haujafungika vizuri beki wa jezi nyeusi aliposhika jezi ya mshambuliaji wa wageni ndani ya eneo la hatari, akaivuta mpaka ikarefuka kama shuka kwenye kamba. Refa akapuliza. Penalti! Televisheni ilirudia tukio lile mara tatu. Raïssa aliona, Daisy aliona, hata Damas, dereva wa basi aliyependa timu ileile, aliona, ingawa alijifanya anatafuta kikombe chake.

Baba Raïssa alirudi mpira ukiwa tayari umewekwa chini.

"Nini hiki? Penalti ya nini?" alifoka. "Refa gani huyu? Ameacha macho nyumbani!"

"Baba Raïssa, kaa kwanza," Ochola alisema.

"Sikai! Tunaibiwa mchana kweupe, niwe nimekaa?"

Bao likaingia, na mchezo ukaisha hivyo. Zamu ya alama ilipofika, Ochola alitoa saba. Damas alikohoa, akatoa mbili.

"Sifuri!" Baba Raïssa alisema. "Na kama kuna kitu chini ya sifuri, mwandikie hicho."

Raïssa alitaka kusema, "Baba, hukuwepo." Lakini alama haibishiwi, tena na mtoto. Akaandika 0, huku amekunja uso. Aliwaza watu wa tovuti ile, wote walioiona jezi ikivutwa, wakisoma jina la baba yake na kucheka. Alimwonea haya baba yake, na alimwonea huruma refa. Watu wazima walipoanza kukunja viti, aliinamia daftari, akachora mstari mdogo uliopinda juu ya ile sifuri. Sifuri ikaota mkia, ikawa sita. Akachana ukurasa na kumpa Ochola.

Jumapili iliyofuata orodha ilikuwa ukutani. Damas ndiye aliyeisoma kwanza, kwa sauti.

"Jean-Bosco, sita! Ehe! Kumbe kelele zote zile, moyoni ulimpenda refa!"

Chumba kizima kikacheka. Baba Raïssa alisogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa karatasi.

"Mimi nilitoa sifuri. Baba Daisy, nani amekutuma ubadilishe alama yangu?"

"Nimetuma nilichopewa, nikadhani hasira zilikuisha." Ochola alitoa ukurasa kwenye mkoba wake. "Tazama. Sita."

Baba Raïssa aliugeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha. "Huu mkia umeongezwa. Wino wake umekolea kuliko ule mwingine. Na karatasi ilikuwa kwako wiki nzima."

"Unasema mimi? Mtu mzima na mvi zangu, nikae nyumbani nachora mikia?"

"Nakujua wewe. Tangu zamani timu yetu huipendi."

Kicheko kilikatika. Ochola akachomoa ufunguo wa chumba kwenye mnyororo wake na kuuweka mezani, karibu na chupa ya chai.

"Miaka minne nimefungua mlango huu," alisema. "Sasa mtafuteni mkweli awafungulie. Daisy, vaa koti."

Raïssa aliinamia daftari. Alibaki ameshika kalamu, na kalamu yenyewe aliiona nzito.

Kesho yake shuleni, wakati wa chakula, Daisy alichukua sinia yake akaenda kukaa peke yake dirishani. Raïssa akamfuata.

"Usikae hapa," Daisy alisema. "Baba yako amemwita baba yangu mwongo mbele ya watu. Jana hakula. Anasema hatarudi kule, na mimi nisiende."

"Daisy, sikiliza..."

"Nisikilize nini? Wewe ndiye uliyeandika! Ulijua ilikuwa sifuri, na ulinyamaza."

Supu ya Raïssa ikapoa bila kuguswa.

Jioni alimkuta baba yake jikoni akipiga kiatu rangi kwa hasira. Alijiandaa kwenda kazini kwenye nyumba ya wazee. Mama yake, Concessa, alikuwa anakatakata vitunguu.

"Baba," Raïssa alisema, "ulimwona Anko Ochola akiandika ule mkia?"

"Sihitaji kuona. Najua."

"Na penalti, uliiona?"

"Sihi..." Brashi ikasimama juu ya kiatu.

Raïssa alianza kwa Kiswidi, kama alivyozoea nyumbani, kisha akaona maneno haya yanastahili kusemwa kwa lugha ya kile chumba. "Mkia niliuchora mimi. Jezi ilivutwa, Baba. Sote tuliona. Wewe ulikuwa koridoni na simu. Nilichoka kuandika uongo, ndiyo maana niliandika..." Akakwama.

"Ukaandika uongo mwingine," mama yake akamalizia bila kugeuka.

Baba Raïssa alifoka kweli, na Raïssa aliyapokea yote akiwa ameinamisha kichwa. Alipotua kupumua, Mama Raïssa aliweka kisu chini.

"Umemaliza? Mtoto ana kosa lake, na wewe una lako. Vaa kiatu cha pili. Baba Daisy anakaa ng'ambo ya uwanja tu, na kazini hujachelewa."

Ochola aliwafungulia mlango bila kutabasamu. Daisy alisimama nyuma yake. Raïssa alisema yote tangu mwanzo, bila kuruka kitu, mpaka machozi yakamtoka.

Kisha ikawa zamu ya baba yake. Alikohoa, akatazama viatu vyake vilivyong'aa. "Baba Daisy, nilikuhukumu bila kuona. Kama nilivyomhukumu yule refa. Nisamehe, ndugu yangu."

Ochola alivuta pumzi ndefu. "Karibuni ndani. Chai ipo."

Walipoketi, alimgeukia Raïssa. "Ulitaka refa atendewe haki. Hilo ni jema. Lakini uliitafuta kwa uongo, na uongo hauchagui wa kumwangukia. Umeniangukia mimi, ambaye sikufanya kitu. Kwa nini hukusema tu kwamba baba yako hakuwepo?"

"Nani angenisikiliza, Anko? Alama haibishiwi."

Ochola na Baba Raïssa walitazamana.

"Hapo tumekosa sisi wakubwa," Ochola alisema. "Tumemfundisha mtoto kuandika chochote tunachosema, hata upuuzi. Kuanzia sasa, kila alama itolewe na sababu. Na asiyeona aseme hakuona. Wewe, Raïssa, utawaandikia watu wa tovuti, kwa jina lako, uwaeleze ulichofanya."

"Na alama ya Baba?"

"Irudishe sifuri," Baba Raïssa alisema kwa unyonge. "Ndiyo niliyotoa. Wacha wacheke."

Raïssa aliandika barua hiyo usiku uleule, na Daisy, aliyekuwa amemsamehe, alimsaidia kusahihisha Kiswidi chake.

Jumapili ikafika. Ufunguo ulikuwa umerudi kwenye mnyororo wa Ochola. Dakika ya mwisho Baba Raïssa alikwenda kujaza chupa ya chai, na papo hapo refa akalikataa bao la jezi nyeusi. Baba Raïssa alirudi mbio, chupa mkononi, kipenga cha mwisho kikilia.

"Amekataa bao? Mwizi huyu! Mpe..."

Chumba kizima kiligeuka kumtazama. Raïssa alikuwa ameshika kalamu, akisubiri. Midomo ya baba yake ilicheza. Mshipa wa shingo ulimsimama.

"Sikuona," alisema hatimaye, kama mtu anayeng'olewa jino. "Lakini nina hakika kwamba..."

"Baba!"

"Basi, sikuona! Andika, sikuona!"

Damas alipiga makofi. Ochola alimpokea chupa na kumvutia kiti karibu naye.

"Watoto," alisema, "mmesikia? Kupiga kelele ni rahisi, kila mtu anaweza. Anayeweza kukiri kwamba hakuona, huyo ndiye wa kuaminiwa siku atakaposema ameona."

Raïssa aliandika jina la baba yake, na mbele yake neno moja, kwa mwandiko wake unaosomeka vizuri.