Kinywa cha Mlishi

Saa sita mchana Mlishi alishuka kutoka darini, akaanza kazi. Alikuwa na mikono kumi na miwili iliyovikwa mpira laini, na kila mkono ulikuwa na akili zake. Mmoja ulipepea uji uliokuwa bado wa moto. Mwingine ulimfuta kamasi binti aliyepiga chafya huku anatafuna. Wa tatu ulidaka bakuli lililorushwa kwa hasira, ukalirudisha mezani na wali wake wote ndani. Watoto thelathini wa Kituo cha Malezi cha Ilazo, ambao mkubwa wao hakuwa ametimiza miaka mitatu, walishiba kwa dakika ishirini na mbili. Aliyewahi kumlisha mtoto mmoja tu wa umri huo, akabaki na uji kwenye nywele, ataelewa kwa nini wageni waliokuja kutazama walisimama mlangoni midomo wazi.

Mwaka huo wa 2094 Dodoma ilikuwa na mengi ya kustaajabisha. Magari ya kamba yalipita juu ya mapaa yakibeba watu kwenda kazini, na mashamba ya jua ya Bahi yaliwasha taa za nusu ya nchi. Lakini hakuna kilichomfikia Mlishi. Watoto walitambaa juu ya mkekamizani, zulia lililowapima uzito bila wao kujua. Ukutani kulikuwa na kipimanjaa, jicho dogo la kioo lililosoma joto la mwili na mwendo wa ulimi, likajua nani ana njaa, nani anadeka na nani anaota jino. Katika vituo mia nne nchini, tangu Mlishi aanze kazi, hakuna mtoto aliyekuwa amemshinda.

Mpaka alipokuja Nyemo.

Nyemo alikuwa na mwaka mmoja na miezi tisa, mtoto wa mashavu manene na macho ya mtu mzima. Mama yake alikuwa fundi wa vioo huko Bahi. Alimleta saa kumi na mbili asubuhi na kumchukua saa moja jioni, na kati ya saa hizo mtoto hakula. Hakulia wala hakufumba mdomo kwa ukaidi. Alikaa vizuri mbele ya bakuli lake, mpole kabisa, na kila siku taarifa ya Mlishi ilisema maneno yale yale: mtoto amerudisha chakula. Mlishi alibadilisha ladha, akabadilisha rangi ya bakuli, akaleta wali wa nazi, viazi vya kuponda, ugali wa uwele na mlenda wa kuvutika. Aliimba hata kwa sauti ya mama mwenyewe, aliyoiomba na kuirekodi. Wapi.

Nyumbani anakula, mama alisisitiza, tena anakula kama mkulima. Lakini mlo mmoja wa jioni haumtoshi mtoto. Kwa siku tisa Nyemo alikuwa amepungua gramu mia nane, na kanuni ya vituo ilikuwa wazi: mtoto wa umri wake akikaribia kupungua kilo moja, anawekewa mrija wa puani. Daktari alipangiwa kuja Ijumaa saa nne asubuhi. Mama aliposomewa taarifa hiyo aliomba apewe siku moja zaidi, na siku moja ndiyo iliyokuwa imebaki.

Siku hiyo, Alhamisi, mhandisi Tumpe Mwaisaka alikuja mwenyewe. Yeye ndiye aliyembuni Mlishi, na alikuwa na hamaki ya mtu ambaye kazi ya mikono yake imeaibishwa na mtoto asiyejua hata kufunga kiatu. Mlangoni alimsalimu Bi Zamoyoni, mlezi pekee wa kituo, mama wa miaka hamsini na saba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda kuliko huyo Nyemo."

Ilikuwa kweli kwamba Tumpe hakuwa amekula tangu jana yake. Alivua viatu, akaketi sakafuni kando ya Nyemo. Mkekamizani ukampima kilo hamsini na moja, ukapiga kengele kuonya kwamba mtoto huyu amezidi kiasi. Bi Zamoyoni akauzima huku anacheka.

Bakuli likaletwa, ugali na mlenda. Nyemo alichovya vidole, akafinyanga tonge dogo la ukubwa wa karanga, akalichovya kwenye mlenda. Tumpe akashusha pumzi. Kisha mtoto akanyoosha mkono kuelekea kwake, mlenda ukimchirizika hadi kiwikoni, akasubiri. Tumpe aliushika mkono ule kwa upole, akauelekeza kwenye mdomo wa mtoto. Akamwambia, "Hapana baba, kula wewe."

Nyemo alimtazama. Akaliweka tonge chini, akapangusa vidole kwenye shati, na kwake mlo ukawa umekwisha.

Tumpe akaganda. Mkono wake ulikuwa umefanya sawasawa na mkono wa Mlishi. Alifungua kumbukumbu za mashine kwenye kibao chake, akatazama picha za siku tisa moja baada ya nyingine. Mara mia mbili na nne Nyemo alikuwa amenyoosha tonge, na mara mia mbili na nne Mlishi, kwa adabu zote, alikuwa amelirudisha. Palepale akampigia mama simu kazini, akamuuliza nyumbani huwa wanakulaje.

"Tunakula tu, dada. Sinia moja, mimi, baba yake na shangazi zake wawili."

"Na Nyemo?"

"Nyemo tonge la kwanza si lake. Anampa aliye karibu naye. Ndivyo babu yake alivyotuzoesha nyumba nzima, huli mpaka mwenzio ametia kitu kinywani. Akishapokelewa, hapo unamkomesha wewe mwenyewe." Kisha akauliza, "Kwani hapo hakuna anayempokea?"

Tumpe alijua mahali hasa kosa lilipoingia, na aliona aibu. Mlishi alikuwa amejifunza kulisha kwa kuwatazama wauguzi bora wa wodi ya watoto, watu wenye mikono ya dhahabu, lakini ni watu waliokatazwa kuonja chakula cha mgonjwa. Wahandisi kumi na tisa waliomfundisha walikuwa wamekulia kwenye sinia kama Nyemo, kisha kwa miaka walikula kila mtu na kopo lake mbele ya kioo cha kompyuta. Picha za mafunzo zilikuwa zaidi ya milioni, na katika picha zote hizo hakuna hata moja ambayo mlishaji alikula. Hakuna aliyeliona pengo hilo, kwa sababu wote walikuwa wakiishi ndani yake.

Kanuni ilikataza mtu mzima kugusa chakula cha mtoto. Tumpe alimtazama Bi Zamoyoni, na Bi Zamoyoni akageuka kuchunguza dirisha ambalo halikuwa na tatizo lolote. Basi mhandisi akakaa upya mbele ya Nyemo, akasubiri. Ilichukua muda. Mtoto aliyekataliwa mara mia mbili na tano ana haki ya kusitasita. Hatimaye tonge likaja, Tumpe akapanua kinywa, akala.

Nyemo akacheka. Alikula bakuli lile, akala la pili, akalamba na sahani ya jirani yake. Ijumaa daktari alipopiga simu aliambiwa asije, na mama Nyemo alilia kwenye simu, kilio kile cha furaha kinachoanza kama kikohozi.

Kwa siku kumi na moja Tumpe alikwenda Ilazo kila mchana kupokea tonge lake. Bi Zamoyoni alisema angekula nao yeye, kwa moyo mmoja, ila kanuni haimruhusu, na tena yeye ni mmoja na watoto ni thelathini. Kubadilisha kanuni, Tumpe alipiga hesabu, kungechukua mwaka mzima wa vikao. Kumtengenezea Mlishi kinywa kungechukua siku kumi na moja. Alikuwa mhandisi, akachagua kinywa.

Na kilikuwa kinywa hasa. Midomo ya mpira yenye joto la mwili, meno butu, taya lililotafuna kwa sauti ndogo ya kuridhika, na shingo iliyotikisika kidogo wakati wa kumeza. Kilijua kufunguka mtoto anapoinua tu kiwiko. Tonge lilipita nyuma ya taya na kuteleza kwenye droo ya chuma, na droo ilimwagwa jioni watoto wakishaondoka. Nyemo alikijaribu kwa tonge moja, kisha la pili, kisha akakipigapiga shavuni na kula chakula chake chote. Wiki hiyo hiyo vituo vyote mia nne vilifungiwa vinywa kama hicho, kimoja kwa kila watoto watano. Taarifa zilizorudi zilimfanya Tumpe asimame kwenye kiti mbele ya wenzake na kuzisoma kwa sauti. Watoto waliokuwa wakila kwa kubembelezwa sasa walikula wenyewe. Hata wale ambao hawakuwahi kufundishwa kugawa tonge walijifunza kwa kuwaona wenzao. Kote nchini, kila mchana, watoto elfu kumi na moja walianza kwa kumpa mwingine. Sijui chombo kingine kilichowahi kuundwa na binadamu kikafanya jambo zuri namna hiyo.

Miezi mitatu baadaye Tumpe alipita Ilazo bila taarifa, kwa hamu tu ya kuona. Alikuta watoto wamekaa, vinywa vinatafuna, vya watoto na vya Mlishi, na Nyemo amenenepa hadi shati linambana. Ila kinywa kilichokuwa mbele ya Nyemo kilikuwa kimekwama. Droo ilikuwa imejaa, na Bi Zamoyoni, ambaye hakutaka mtoto akose mlo, aliivuta palepale ili aimwage kwenye ndoo.

Matonge yakamiminika ndooni. Yalikuwa mengi, madogo madogo, kila moja na alama ya vidole.

Nyemo alisimama. Alichungulia ndoo, akachungulia nafasi iliyokuwa wazi nyuma ya midomo ile. Aliingiza mkono ndooni, akatoa tonge, akaliangalia, akatoa jingine. Bi Zamoyoni akaiondoa ndoo haraka, akairudisha droo mahali pake, na kinywa kikafunguka vizuri kabisa, chenye joto, kikangoja. Nyemo alibaki kukitazama. Kisha akarudi kuketi, akausukuma ugali wake mbali, akalala kifudifudi juu ya mkekamizani. Hakulia. Kipimanjaa kilitangaza kwamba mtoto namba kumi na saba ana njaa.

Tumpe alivua viatu, akaketi sakafuni. Alisema taratibu, ingawa alijua mtoto hataelewa nusu ya maneno, "Huyo hali, baba. Mimi nilikudanganya. Nipe mimi."

Nyemo hakuinuka. Ugali ulipoa, watoto wengine walimaliza wakapelekwa kulala, na Bi Zamoyoni aliuzima mwanga wa Mlishi, mikono yote ikapanda darini. Walibaki watatu. Bi Zamoyoni naye akaketi, kanuni au si kanuni, akavuta bakuli katikati yao.

Baada ya muda mrefu mtoto alijiinua. Alifinyanga tonge, akalichovya, akamnyooshea Tumpe. Tumpe akapanua kinywa, akapokea, akatafuna, akameza. Kwake yeye shughuli ilikuwa imekwisha, na machozi ya shukrani yalikuwa yameanza kumlengalenga.

Lakini Nyemo alikuwa bado hajala. Alisogea karibu, akamshika kidevu kwa mkono wenye mlenda, akamfungua taya. Akaingiza kidole, akapapasa chini ya ulimi, akapapasa nyuma ya meno, upande huu na upande ule, kwa makini, uso umekunjamana. Alikuwa anatafuta droo. Alipomaliza kwa Tumpe alimgeukia Bi Zamoyoni, akampa tonge, akamkagua vivyo hivyo. Miezi mitatu iliyopita mtoto huyu alimpa mtu chakula na kumwamini.

Kisha akarudi kwa Tumpe na tonge jingine na kidole kile kile, na mhandisi akapanua kinywa zaidi ili mtoto aone vizuri.