Mgomba wa Restuta

Vijana wawili walitosha kuushusha mgomba kaburini. Kuupandisha walihitajika wanne, na bado walihema.

"Harakisheni," alisema Wilbard, mwongozaji wa filamu. "Jua likitoka tu, tunarudia."

Mwalimu Conjesta, aliyekaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya kamera, aliona sanda iliyofungwa kwenye mgomba ule ikichuruzika maji. Tangu mwezi wa tano mvua haikuwa imenyesha pale Msangano, na udongo wa shimo lile ulikuwa mkavu kama unga.

Ilikuwa Agosti 2014. Kituo kimoja cha televisheni kilikuwa kinakifanya filamu kitabu chake cha watoto, kile kinachosimulia urafiki wake na Restuta, aliyechukuliwa na Mto Momba wakiwa na miaka kumi na mitatu. Majina aliyaacha yaleyale ya kweli. Alisema anamuenzi rafiki yake, na wasomaji walimpenda kwa hilo. Nafasi ya Restuta alipewa Tukuswiga, mjukuu ambaye Conjesta alimlea nyumbani kwake Tunduma tangu ana miaka mitatu. Sasa alikuwa na kumi na mmoja. Bibi yule hakuwa na mwingine wa kumpenda hivyo duniani, na hakuficha.

Wilbard hakuridhika na machozi ya waigizaji wake. Huyo kijana alikuwa mjuaji wa kila kitu isipokuwa watu. Akaenda kijijini akaleta akina mama wanaojua kuomboleza, nao wakafanya kama wanavyofanya siku zote. Kwao, mtu ambaye mwili wake haukupatikana huzikiwa mgomba. Huitwa kwa jina lake na la baba yake, udongo hurudishwa, na hapo amekwisha kupumzika. Restuta hakuwahi kufanyiwa hivyo, maana baba yake alikufa akisema binti yake atarudi. Asubuhi ile, kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na tisa, aliitwa, akaliliwa, akafukiwa.

Kisha wingu likafunika jua, na Wilbard akapaza sauti, "Kata! Fukueni, turudie!"

Akina mama walitazamana, wakajifunga kanga zao, wakaondoka bila kuaga.

Mzee mmoja alibaki. Alikuwa Mabula, kaka yake Restuta, aliyetoka Ivuna kuja kutazama. Alimsogelea Conjesta.

"Mwalimu," alinong'ona, "mmemzika dada yangu, halafu mmemfukua."

"Mabula, kaka yangu, ni filamu tu."

"Kwenu ni filamu. Yeye nani kamwambia?"

Jua halikutoka. Wilbard akaona asipoteze siku, akawahamishia wote mtoni kupiga picha ya ajali. Maji ya kiangazi yalifika magotini tu. Tukuswiga alisimama katikati na Erica, binti aliyemwigiza Conjesta wa utotoni. Alitakiwa ateleze, apige kelele, amponyoke mwenzake. Mshika sauti akavua hedifoni, akazitazama, akazivaa tena.

"Kuna mtu anakunywa maji humu," alisema taratibu. "Anapaliwa."

Ndipo Conjesta aliposikia harufu ya maji ya chumvi yanayochemka vyunguni, harufu ya utotoni mwao Ivuna, wakati pale mtoni hapakuwa na moto wala chungu. Tukuswiga hakuteleza. Aligeuka polepole, akaipita kamera kwa macho.

"Sikuteleza, Konje."

Hakuna mtu aliye hai aliyekuwa akimwita Conjesta hivyo, wala jina hilo halikuandikwa popote kitabuni, na bibi yule aliinuka kwenye kiti, akiona maji ya tope yakianza kutoka puani kwa mjukuu wake, kisha mdomoni, mengi kuliko kifua cha mtoto kinavyoweza kubeba, na sauti ikiendelea kutoka ndani ya maji yale bila haraka, sauti ya msichana wa miaka kumi na mitatu ambayo alikuwa ameisikia usingizini maisha yake yote.

"Nilishika kanga yako. Ulifungua fundo."

"Hayo hayamo kwenye mswada," Wilbard alinong'ona.

Conjesta aliingia mtoni na viatu, akamkumbatia mtoto. Alikuwa wa baridi, midomo imeshaanza kubadilika rangi.

"Maji yalikuwa na nguvu, Restuta. Unajua yalikuwa na nguvu!"

Mtoto akalegea mikononi mwake.

"Mwambie ukweli!" Mabula alifoka kutoka ukingoni. "Unamuua mjukuu wako!"

"Nilifungua!" Conjesta alilia. "Shule nzima alichaguliwa mmoja kwenda sekondari, naye ni wewe. Mimi nilikuwa wa pili. Uliniangalia, nami nikafungua fundo. Nikawaambia umeteleza. Nikaenda kusoma kwa nafasi yako. Nisamehe. Mwache mtoto, nichukue mimi!"

Tukuswiga alitapika tope, akavuta pumzi, akaanza kulia kwa sauti yake mwenyewe. Mabula hakungoja zaidi. Alirudi kaburini, akauzika mgomba kwa mikono yake, akamwita dada yake kwa jina lake na la baba yao. Harufu ya chumvi ikakatika.

Mtoto alipotulia alimwomba Erica amletee ndala zake. Alimuuliza Wilbard kama watarudia. Conjesta akamfungulia mikono, lakini Tukuswiga akarudi nyuma.

"Shikamoo," alisema kwa adabu, kama anavyoamkiwa mgeni. Kisha akamgeukia Erica. "Huyu bibi analia nini?"

Alipelekwa hospitali, akaombewa, akatafutiwa waganga mpaka Sumbawanga. Sasa anaishi na mama yake Ileje, mzima kabisa, mchangamfu. Nyumba ya Tunduma anaikumbuka, na pazia la bluu, na hadithi alizosimuliwa kila jioni kabla ya kulala. Ukimuuliza ni nani aliyekuwa akimsimulia, hasiti hata kidogo. Anatabasamu, anasema, "Restuta."